Kiganja na Simu: Somo la Kabla ya Msimu

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za miche, magugu, ngazi na uanikaji. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya chombo ambacho siku hizi kimo mfukoni mwa kila mtu shambani, tangu mwenye shamba mpaka mchumaji wa kibarua, nacho ni simu ya mkononi. Hatusemi kwa kupiga porojo. Twasema kwa kuwa msimu uliopita chombo hiki kilimtupa mwenzetu mmoja saa aliyokihitaji mno.

Mchumaji wake, kijana, alianguka pamoja na tawi, katika shamba lililo bondeni, vilima huku na huku. Kijana hakuweza kusimama. Mwenzetu akatoa simu, akaikamata kwa nguvu kama mtu akamatavyo ngazi, akampigia nduguye mwenye gari. Mara tatu simu ilipokelewa, na mara tatu ikakatika kabla hajataja mahali alipo. Mara ya nne alikuwa ameiweka juu ya gogo, ikisema kwa kipaza sauti, ili mikono yake imshike mgonjwa. Mara hiyo maneno yote yakafika. Gari likaja, kijana akapelekwa hospitali, na leo, alhamdulillahi, anatembea.

Habari hii ilipoletwa mkutanoni, wengi walitaka tuiandikie kampuni ya simu barua ya lawama juu ya mnara wake. Mzee mmoja akauliza swali dogo: "Mnara wa mara ya tatu na mnara wa mara ya nne ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?" Watu wakanyamaza. Kilichobadilika ni mkono. Swali la mzee huyo ndilo lililotufanya tuandike somo hili, na twaomba lisomwe kabla ngazi hazijatolewa.

1. SIMU NI REDIO

Wengi wetu twadhani simu ya mkononi ni ndugu wa ile simu ya waya iliyokuwa ofisini. Sivyo. Ni redio ndogo yenye kusikia na kusema pia. Mnara wasema, simu yasikia. Simu yasema, mnara wasikia. Lakini nguvu zao si sawa. Mnara una umeme wa kutosha na umesimama juu. Simu ina betri ndogo, na nguvu zake zote za kusema, katika mtandao wa 2G wa megahezi 900, hazizidi wati 2. Katika 3G na 4G ni kama robo ya wati moja tu. Kwa hiyo kila nguvu inayopotea kiganjani ni hasara kubwa.

Hapa mwanachama mwenye umri wake atatuuliza: "Mbona zamani redio yangu ya betri nikiigusa antena sauti ilizidi? Mkono uliosaidia redio waidhuru vipi simu?" Ni swali la haki, na jibu lake ni urefu wa mawimbi. Redio ile, ilipokuwa ikisikiliza stesheni za mbali, ilishika mawimbi yenye urefu wa mita 10 mpaka 100, na antena yake haikufika hata mita moja na nusu. Ilikuwa fupi mno kwa kazi yake. Mwili wako ulipoigusa uliirefusha, ikapata zaidi.

Mawimbi ya simu ni madogo. Katika megahezi 900 wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi, na katika megahezi 2100 ni sentimita 14 tu. Antena ya robo ya wimbi la sentimita 33 ni kama sentimita 8, nayo yaenea ndani ya simu. Mafundi wamekwisha kuikata kwa kipimo chake. Hapo mkono hauna la kuongeza, una la kuharibu tu.

2. MAKOSA MAWILI YA MKONO

Kosa la kwanza ni kunywa. Mwili wa binadamu sehemu yake kubwa ni maji yenye chumvi, na maji ya namna hiyo hunywa nguvu za mawimbi na kuzigeuza kuwa joto dogo lisilosikika. Kiganja kilichofunika antena ni mfano wa gunia lililotiwa maji likatundikwa mbele ya taa. Taa yawaka, lakini nje mwanga hautoki.

Kosa la pili ni la siri zaidi, nalo ni kuipotosha antena. Tazameni ngoma. Mpigaji huiota motoni hata ngozi ikakaza, ikatoa mlio anaoutaka. Sasa weka kiganja juu ya ngozi ile, kisha uipige: mlio umeshuka, wala si ule. Antena nayo imekazwa kwa mawimbi yake maalumu. Nyama ya mkono ikiikaribia, mlio wake hushuka, ikawa haipatani tena na mnara. Wala si lazima kuigusa, kuikaribia kwatosha. Ndiyo maana kava la plastiki au la mpira, linalokitenga kiganja na simu kwa milimita chache tu, mara nyingine husaidia. Na kava la chuma hudhuru, maana chuma huzuia mawimbi yenyewe.

Basi antena iko wapi? Simu za kwanza zilikuwa nayo nje, kama kijiti juu ya kichwa chake, na kila mtu aliiona. Kisha zikaja simu kama Nokia 3210 ya mwaka 1999, ambayo antena yake ilifichwa ndani. Tangu hapo jicho haliioni na mkono haujui unafunika nini. Katika simu nyingi za leo antena kubwa iko upande wa chini, karibu na tundu la chaji, ili iwe mbali na kichwa cha msemaji. Na mara nyingi nyingine iko upande wa juu. Na upande wa chini ndipo hasa kiganja kinapokaa mtu akiikumbatia simu yake.

Tena liko jambo jingine. Simu ikiona mnara hauisikii vyema, hupaza sauti, yaani huongeza nguvu za kusema. Nguvu hizo hutoka katika betri. Kwa hivyo anayefunika antena yake mchana kutwa hupoteza mawili: maneno yake, na chaji yake. Jioni, wakati wa kuchambua, simu imezimika, naye hulaumu betri.

3. KISA CHA SIMU ILIYOTIKISA DUNIA

Tusidhani kwamba jambo hili ni la simu mbovu au la mashamba yetu tu. Tarehe 24 Juni 2010 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza simu yake ya iPhone 4. Kwa siku tatu za kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni 1.7. Antena yake haikufichwa ndani: ilikuwa ni ule ukanda wa chuma uliozunguka simu yote, nao ulikatwa kwa nafasi nyembamba ili kuzitenga sehemu zake. Nafasi moja ilikuwa chini, upande wa kushoto, hapo hapo panapokaa kiganja cha mtu aishikaye kwa mkono wa kushoto. Mkono ukiziba nafasi ile, ulikuwa umeunganisha sehemu mbili zisizotakiwa kuungana, na nguvu zikaanguka.

Watu wakalalamika siku zile zile. Mnunuzi mmoja alimwandikia mkubwa wa kampuni, Steve Jobs, naye akamjibu kwa ufupi kwamba asiishike namna hiyo. Jibu hilo likaenea ulimwenguni, likawa mzaha. Jarida la AnandTech likapima. Likaona kwamba iPhone 4 ikishikwa kwa kawaida ilipoteza karibu desibeli 20. Ikivishwa kava na kushikwa vile vile, ilipoteza karibu desibeli 7. Likapima na simu ya kampuni nyingine, iitwayo Nexus One. Nayo ilipoteza karibu desibeli 11 ikishikwa kwa kawaida, na karibu 18 ikibanwa sana.

Desibeli ni kipimo ambacho mwanachama wa chama hiki ataielewa upesi tukimpa kwa pishi. Ukipoteza desibeli 3, kati ya pishi 100 zimebaki 50. Ukipoteza desibeli 10, zimebaki pishi 10. Ukipoteza desibeli 20, imebaki pishi moja. Basi fikirini mkono ulioweza kuchukua pishi 99 katika 100, na mwenye mkono hana habari.

Tarehe 16 Julai 2010 Steve Jobs aliwaita waandishi wa habari. Alieleza kwamba simu za kampuni nyingine nazo hudhoofika zikishikwa, jambo ambalo ni kweli, na akaahidi kuwapa wanunuzi makava bure. Mwaka uliofuata, Oktoba 2011, kampuni ilitoa iPhone 4S iliyoweza kubadili kati ya antena mbili, ili mkono ukiifunika moja, nyingine ifanye kazi. Na mwaka 2012 madai ya mahakamani huko Marekani yalimalizwa kwa wanunuzi kuchagua dola 15 au kava.

4. VIJITI SI MIZANI

Katika kisa hicho mna jambo moja linalotuhusu sisi kuliko yote, nalo ni vile vijiti vinavyoonyesha mtandao juu ya kioo. Tarehe 2 Julai 2010 Apple yenyewe ilikiri kwamba hesabu yake ya vijiti ilikuwa na kosa, na mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya haki.

Nguvu ya mtandao hupimwa kwa dBm, na hesabu yake huandikwa na alama ya kutoa. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo nguvu zinavyokuwa ndogo: −60 ni nguvu nyingi, −110 ni pumzi za mwisho. Katika iPhone 4, kabla ya kusahihishwa, vijiti vyote vitano vilionekana tangu −51 mpaka −91. Vijiti vinne vilivyosalia vikabanwa kati ya −91 na −113.

Sasa wafikirieni watu wawili wenye simu hiyo hiyo na mkono ule ule wenye kula desibeli 20. Wa kwanza yuko mjini, karibu na mnara, ana −60. Akiikamata simu inashuka mpaka −80: bado vijiti vitano, na mazungumzo hayana dosari. Atasema maneno ya watu ni uzushi. Wa pili yuko mbali na mnara, ana −91, naye pia ameona vijiti vitano. Akiikamata, inashuka mpaka −111, na simu yakatika. Wote wawili ni wakweli. Mkono ni mmoja, hasara ni moja, lakini mmoja ametolewa katika akiba na mwingine ametolewa katika chakula cha siku.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Aliye karibu na mnara aishike simu apendavyo. Lakini sisi tulio mabondeni, nyuma ya vilima, chini ya mikarafuu yenye majani mengi, na yakilowa na mvua ndiyo huzuia zaidi, sisi tunaishi ukingoni. Ukingoni kiganja ndicho kinachoamua. Na simu za kisasa zina ubaya mmoja: sauti haififii polepole kama redio ya zamani. Yasikika vyema, yasikika vyema, kisha hukatika ghafla. Mtu haonywi.

Tena, simu za leo si zote sawa. Chuo Kikuu cha Aalborg huko Denmark kilipima simu za aina nyingi mwaka 2016, kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto, kikaona tofauti kubwa baina ya simu na simu, na hata simu moja kuwa njema katika mkono huu na dhaifu katika mkono ule. Hivyo hatuwezi kuwaambia, "Shikeni hapa." Kila mmoja na aijaribu ya kwake.

5. JARIBIO LA KILA MWANACHAMA

Jaribio hili halina gharama, na lafaa kufanywa shambani penyewe, si mjini.

Kwanza, tafuta nambari ya nguvu. Katika simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Majina hutofautiana kidogo kwa simu na simu. Katika iPhone piga *3001#12345#* kama upigavyo mtu, na ukurasa wa vipimo hufunguka. Mwenye simu ya vitufe atatumia vijiti, akijua kwamba si mizani ya kweli, na atamwomba mwenzake wa upande wa pili amwambie sauti yasikikaje.

Pili, weka simu juu ya kitu kikavu cha mti, kama kisiki au kiti, usiiguse. Subiri nusu dakika, maana nambari huchelewa kubadilika. Iandike.

Tatu, bila kuihamisha mahali pake, izungushie kiganja kama unavyoishika siku zote. Subiri tena nusu dakika. Iandike. Twasisitiza, usiihamishe. Mawimbi yakipiga kilima na miti hurudi na kugongana, na kwa sababu hiyo hatua moja, au hata shubiri moja, yaweza kuibadili nambari. Kwa haki, hata yule mwenzetu wa bondeni huenda gogo lake lilimsaidia kwa mahali pake pamoja na kwa kumwachisha mkono. Ndiyo sababu twapima, hatubahatishi.

Nne, jaribu mkono wa pili, kisha jaribu kuishika kwa ncha za vidole pembeni, katikati, chini pakiwa wazi. Fanya kila namna mara tatu na uchukue nambari ya kati.

Tulifanya hivi wenyewe, wajumbe wa kamati, katika bonde lile lile. Simu nyingine zilishuka kidogo tu, nyingine zilishuka sana, na moja ikapoteza mtandao kabisa kiganjani, ikaurudisha tulipoiachia. Mwenye simu hiyo ni yule aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote mkutanoni juu ya mnara. Alicheka mwenyewe.

6. MASHAURI YETU

Usiikumbatie simu. Ishike kwa vidole, pembeni, na uache wazi upande ule ambao jaribio limekuonyesha.

Pahali penye mtandao haba, iweke juu ya gogo au jiwe, useme kwa kipaza sauti. Ukiwa na waya wa sikio, ni vyema zaidi.

Geuka. Mwili mzima ni kiganja kikubwa. Ukijua mnara uko upande gani, usiukae kati yake na simu.

Sauti ikikataa, andika ujumbe mfupi. Ujumbe wahitaji nafasi ndogo tu ya kupita, na simu nyingi zitakuruhusu kuutuma tena ukishindwa.

Wakati wa hatari, taja mahali kwanza, na salamu baadaye. Twajua si adabu yetu, lakini aliyeanguka atakusamehe, na nduguyo atakusamehe pia. Sema: "Niko shamba la fulani, bonde fulani, mtu ameanguka." Hata simu ikikatika hapo, msaada umekwisha kujua njia.

Mwisho, kabla ya msimu, kila mwenye shamba achague mahali pa simu katika shamba lake, pale ambapo nambari ni njema kuliko pengine pote. Apatie alama ya chokaa juu ya mti au jiwe, na awaonyeshe wachumaji wote, hata watoto wanaookota karafuu chini. Ngazi tunaikagua kabla ya kupanda; na njia ya kuitia msaada tuikague vivyo hivyo.

7. NA MNARA JE?

Wasije wakadhani watu kwamba tumeitetea kampuni. Tulipojaribu tuliona mahali ambapo simu zote, za kila namna, zimewekwa juu ya gogo bila ya kuguswa, hazikupata kitu. Hapo hakuna kiganja cha kulaumiwa. Hapo ni mnara uliokosekana, na kuwaambia watu "shikeni vingine" ni kurudia jibu lile la mwaka 2010 lililowaudhi wanunuzi. Barua yetu itaandikwa. Lakini sasa haitakuwa barua ya hasira. Itakuwa na orodha ya mabonde na nambari zilizopimwa bila mkono, na mtu akiisoma hataweza kutujibu kwamba kosa ni letu. Mwenye kupima karafuu zake nyumbani kabla ya kwenda kituoni hanyamazishwi kwa urahisi.

Basi kila mwanachama atakayefanya jaribio na alete karatasi yake kwa katibu: jina la bonde, nambari ya simu ikiwa juu ya kisiki, na nambari ikiwa kiganjani. Ya kwanza ni ya kuipa kampuni. Ya pili ni yako mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Kwa nini kuigusa antena kulisaidia redio ya zamani, na kwadhuru simu?
2. Taja makosa mawili ya mkono, na mfano wa kila moja.
3. Ukipoteza desibeli 20, katika pishi 100 zimebaki ngapi?
4. Watu wawili wana simu za aina moja. Mmoja asema ni njema, mwingine asema yakatika. Yawezekanaje wote wawe wakweli?
5. Katika shamba lako, mtu akianguka leo, utasimama wapi kupiga simu?

Swali la tano si la kujibiwa kwa mdomo. Lijibuni kwa miguu, shambani, kabla karafuu hazijawa tayari kuchumwa.